Bundi Juu ya Sarafu

Darasa la tano, Katuba, saa nne asubuhi,
chaki imebaki kipande kama jino la mtoto.
Nimechora Athene: kilima, ukuta, bandari,
na chini kabisa shimo. Hapa, nikasema, ndipo ilipotoka fedha.

Hawakuandika. Watoto hawa wanajua shimo.
Kaka yake Nawej hurudi kutoka Ruashi na magoti ya kijani.
Chola hulala chini ya sururu ya baba yake,
imetundikwa ukutani mahali pa picha ya harusi.

Sarafu yao, nikaendelea, ilichorwa bundi.
Darasa likaguna. Bundi?
Ngalula wa dawati la mbele akakunja mabega:
"Mwalimu, mji unaomweka bundi juu ya pesa
ulikuwa unangoja msiba gani?"
Nikaeleza kwamba kwao alikuwa ndege wa hekima.
Nikaiona hekima ikiwapita juu ya vichwa
na kutokea dirishani, pasipo na kioo.

Bundi huyo mimi nilipata kumshika.
Kiria Vasiliki, mwenye duka la samaki wa chumvi kando ya reli,
alimfunga kwenye funguo zake:
bundi wa bati, macho kama misumari miwili.
Mwaka aliofunga duka alinipa ramani
na mizani iliyopungukiwa jiwe moja.
"Babu yangu aliletwa na shaba yenu," akasema,
"na mimi ndiyo inayonifukuza."
Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, hadi matusi.

Basi. Fedha ilipoonekana, wenye mji walikaa kikao.
Tugawane, kila mtu kiganja chake? Au tujenge merikebu?
Wakajenga. Bahari ikawa yao.
Visiwa vikaleta kodi, kwanza kwa hiari,
kisha kwa kuguna, kisha kwa mkuki mgongoni.
Marumaru ikapanda kilimani.
Wakasema maneno mazuri juu ya uhuru,
mazuri mno; nilipokuwa kijana niliyakariri.

"Na nani alichimba?" Nawej, bila kuinua mkono.

Watumwa. Walitambaa kifudifudi na taa ya udongo;
mafuta yalipokauka, zamu imekwisha.
"Waliitwa nani?"
Nikainamia ramani ya Kiria, nikatafuta,
kana kwamba majina huandikwa baharini.

Vita vikaja, vikakaa miaka na miaka.
Watumwa elfu ishirini wakatoroka, shimo likanyamaza.
Fedha ikaadimika, hata sanamu zikavuliwa dhahabu.
Mwisho wakafua sarafu za shaba,
wakazipaka fedha juu juu, kama mtu anayepaka mafuta midomo
ili jirani asijue kwamba hajala.

Hapo darasa zima likacheka, mara ya kwanza wiki ile:
"Shaba! Kumbe walishuka mpaka kwetu!"

Adui alipoingia, kuta zilibomolewa kwa filimbi.
Wasichana wakipuliza, mawe yakianguka,
na watu wakaapa kwamba siku ile ndiyo mwanzo wa uhuru.

Hili nililisema polepole, kisha nikanyamaza.
Nilikisikia king'ora cha kampuni,
kilichotuambia saa ya uji, saa ya shule, saa ya baba.
Asubuhi moja hakikulia.
Hakuna aliyebomoa kitu, hakuna aliyepuliza filimbi.
Mji mzima ulichelewa tu.
Tulisimama uani, sufuria mkononi, tukisikiliza.

Dohani bado ipo, na kando yake lundo jeusi la masalia ya tanuri.
Watoto wanaliita mlima.
Sijawahi kuwasahihisha.

Rimu ya lori ikagongwa, saa ya kwenda nyumbani.
Chola akafuta ubao kwa mkono wa shati:
kilima kikaenda, bandari, ukuta.
Shimo halikufutika.
Nilikuwa nimeikandamiza chaki mno.